Uzee, Ukongwe na Uchakavu: Vitabu Viwili juu ya Elimu ya Umri Mrefu

Katika muda wa miaka mitano vilitolewa kwa Kiingereza vitabu viwili vinavyoeleza sababu za binadamu kuzeeka, navyo vyote viwili ni vya mabingwa ambao maneno yao husikilizwa. Cha kwanza ni Lifespan: Why We Age – and Why We Don't Have To (2019), cha David Sinclair, Mwaustralia afundishaye katika Chuo cha Utabibu cha Harvard, aliyesaidiwa katika kazi ya uandishi na Matthew LaPlante. Cha pili ni Why We Die (2024), cha Venki Ramakrishnan, mzaliwa wa Bara Hindi afanyaye kazi Cambridge, ambaye mwaka 2009 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa uchunguzi wake wa ribosomu, yaani karakana ya protini iliyomo ndani ya seli.

Elimu iliyomo katika vitabu hivi ni moja kwa sehemu kubwa. Wote wawili wanategemea majaribio yaliyofanywa juu ya hamira, minyoo, inzi na panya, na wote wawili wanakubali kwamba kuzeeka kuna sababu zinazoweza kuchunguzwa. Tofauti yao kubwa imo katika neno. Sinclair asema waziwazi kwamba uzee ni maradhi, na kwamba kama maradhi mengine unafaa kutibiwa. Ramakrishnan analiendea jambo hilo kwa hadhari. Kwa sababu hiyo vitabu hivi havifai kuachiwa matabibu peke yao. Habari za elimu hii huingia katika Kiswahili kwa njia ya magazeti, redio na matangazo ya wauza dawa, na kila aziingizaye hana budi kuchagua neno. Akichagua vibaya, watakaopata hasara ni wazee wenyewe.

Yapasa kwanza kumtendea haki Sinclair, kwa kuwa hoja yake si ya kipuuzi. Yeye aona ajabu kwamba jambo likiwapata wachache katika watu wa umri fulani huitwa maradhi, lakini likiwapata walio wengi huitwa hali ya kawaida. Kwa desturi hiyo, asema, utabibu umejifunga mikono yake wenyewe: fedha hutolewa kwa uchunguzi wa saratani, wa moyo na wa kisukari, kila ugonjwa peke yake, na chanzo kinachoyaongoza yote hakiguswi. Mtu akiponywa moyo leo hungojewa kesho na saratani. Maelezo haya ni ya nguvu, na msomaji asiyeyatafakari atakuwa amekataa kitabu kabla ya kukisoma.

Udhaifu waanza pale Sinclair anapoeleza chanzo chenyewe. Kila seli ya mwili, kasoro chache, ina urithi uleule ulioandikwa katika DNA. Lakini seli ya jicho husoma sehemu moja ya maandishi hayo na seli ya ini husoma sehemu nyingine. Zipo alama za kikemia zinazoonyesha kipi kisomwe na kipi kifungwe. Miaka ikipita, alama hizo huvurugika na seli husahau kazi yake. Ili kulieleza jambo hili, Sinclair atumia istiara ya sahani ya DVD yenye mikwaruzo: maandishi yangali yamo, ila mashine haiwezi kuyasoma sawasawa. Ikipatikana njia ya kuing'arisha sahani, ujana utarudi.

Istiara hiyo ina ushahidi kiasi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa jeni nne zatosha kuirudisha seli pevu katika hali ya seli changa. Mwaka 2020 Sinclair na wenzake walitumia jeni tatu katika hizo nne, wakaweza kurudisha sehemu ya uoni wa panya ambao neva zao za macho zilikuwa zimeharibiwa, na wa panya waliozeeka. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini istiara ikishakubaliwa, hitimisho lake limekwisha kubaliwa pamoja nayo. Sahani iliyokwaruzwa ni kitu kimoja, chenye hitilafu moja, na chini ya hitilafu hiyo ipo nakala kamili isiyoguswa. Msomaji huahidiwa dawa kabla ya kuthibitishiwa ugonjwa.

Tazama istiara nyingine, ya Peter Medawar, iliyochapishwa London mwaka 1952. Medawar alimtaka msikilizaji wake afikiri juu ya neli za kioo za maabara. Kila mwezi hununuliwa neli mpya badala ya zile zilizovunjika, na neli ya zamani haina hatari ya kuvunjika kupita iliyo mpya. Hata hivyo, baada ya muda, za zamani huwa chache, si kwa kuwa zimechakaa, bali kwa kuwa zimepatwa na nafasi nyingi zaidi za kuanguka. Viumbe nao ni hivyo. Wachache mno hufikia umri mkubwa porini, na kwa hiyo maumbile hayana nguvu ya kuziondoa kasoro zinazojitokeza katika umri huo. Mwaka 1957 George Williams aliongeza kwamba jeni inayomfaa kiumbe ujanani yaweza kuhifadhiwa hata ikiwa itamdhuru baadaye. Katika maelezo haya hakuna nakala kamili iliyofichwa chini ya mikwaruzo. Zimo kasoro nyingi zilizokusanyika, kila moja kwa njia yake. Wataalamu waliotoa orodha ya dalili kuu za kuzeeka mwaka 2013 walihesabu tisa. Walipoirudia mwaka 2023 walihesabu kumi na mbili. Jambo lenye dalili kumi na mbili laweza kuwa na mzizi mmoja, lakini mzizi huo hauthibitishwi kwa mfano wa sahani.

Sasa na tuitazame lugha yetu. Neno la Kiingereza linalofasiriwa kwa kawaida kuwa kuzeeka limebeba mambo matatu kwa pamoja: kupita kwa miaka, kudhoofika kwa mwili, na hali ya mtu aliyefika umri fulani katika jamii yake. Mswahili huyatenga. Mtu aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi, na msemo huo hausemi lolote juu ya magoti yake wala macho yake. Mtu aliyedhoofika mno kwa umri ni mkongwe, na hali yake ni ukongwe, kutokana na kitenzi konga. Nguo, mkeka na chombo cha kazi huchakaa. Uzee ni jambo jingine tena. Mzee ni daraja. Huitwa hivyo baba wa nyumba, na mwenye shauri barazani, na hata kijana mwenye cheo anapopewa heshima. Penye wazee, husemwa, haliharibiki neno. Mithali hiyo haikuwakusudia wagonjwa.

Lipo jambo la ajabu zaidi. Kwa adabu, Mswahili hapendi kumwambia mtu kwamba ni mzee wa mwili. Husema kwamba ni mtu mzima. Neno hilo mzima ndilo lile lile tunaloulizana kila asubuhi, u mzima? Ni neno la kitu kisichovunjika, la aliye hai, na la asiye na maradhi. Basi fikiri ni nini kinachotokea kauli ya Sinclair ikiingizwa katika Kiswahili neno kwa neno. Tutakuwa tunafundisha ya kuwa mtu mzima ni mgonjwa. Haitoshi kujibu kwamba elimu haijali adabu. Hoja hapa ni maana. Sinclair akusudia kuzungumza juu ya seli na viungo, na neno uzee halizungumzi juu ya seli na viungo. Mfasiri atakayeandika kwamba uzee ni maradhi atakuwa ameyafuata maneno ya Kiingereza na kuiacha maana ya mwandishi.

Hata hivyo, lugha yetu nayo ina kosa lake, na haifai kulifunika. Upo usemi unaosikika katika nyumba nyingi: ni uzee tu. Bibi haoni vizuri. Ni uzee tu. Babu anasahau, anaanguka, anaumwa na viungo. Ni uzee tu. Usemi huo wasemwa kwa upole, na mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingi mno si kweli. Mtoto wa jicho, ambaye ni sababu kubwa ya upofu wa wazee ulimwenguni, huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, na aliyekuwa haoni akaona. Shinikizo la damu hupimwa na kutibiwa. Neno lile tu, fupi kama lilivyo, huufunga mlango wa hospitali. Katika jambo hili Sinclair ana haki zaidi ya wengi wanaomcheka: yeye angalau hakubali kwamba mateso ya mwili yaachwe kwa sababu yamekuja na miaka. Kauli zote mbili, ile ya kwamba uzee ni maradhi na ile ya kwamba ni uzee tu, zina kasoro moja. Zote zachanganya miaka ya mtu na uchakavu wa mwili wake. Moja humtibu asiye mgonjwa, na nyingine humwacha aliye mgonjwa.

Kwamba haya si mambo ya darasani tu, msomaji ataona katika historia fupi ya orodha ya kimataifa ya magonjwa. Toleo lake la kumi na moja lilipitishwa na mkutano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, nalo likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Badala ya neno la zamani lililomaanisha udhaifu wa ukongwe, ilikusudiwa kuandikwa neno jepesi zaidi, uzee. Huenda waliolichagua walidhani wanaondoa tusi. Mwaka 2021 yakazuka malalamiko, hasa Brazil, ambako watu walifanya kampeni chini ya kauli kwamba uzee si maradhi. Waliogopa kwamba mzee akifika hospitali, daktari ataandika neno hilo moja na kuacha kutafuta zaidi. Neno likaondolewa, na mahali pake pakaandikwa maelezo marefu juu ya kupungua kwa uwezo wa asili wa mwili kunakoambatana na umri. Mwaka ule ule wa 2022, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipofariki Scotland akiwa na miaka 96, hati yake ya kifo ilitaja sababu moja tu, uzee. Kwa hiyo neno lililokataliwa katika orodha moja likakubaliwa katika daftari nyingine, na wala hakuna aliyesema kwamba Malkia alidharauliwa. Maana ya neno hutegemea kazi linalopewa: juu ya hati ya kifo cha mtu wa miaka 96 hufunga habari, juu ya kitanda cha mgonjwa aliye hai laweza kufunga matibabu.

Ikiwa msomaji bado aona kwamba kutenga maneno haya ni kupenda mno sarufi, na amtazame mnyama mmoja wa nchi zetu. Katika ardhi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia huishi chini ya udongo fuko mdogo asiye na manyoya, mwenye mwili unaokaribia ule wa panya. Panya wa maabara ni shida kuishi miaka minne. Fuko huyu akifugwa aweza kupita miaka thelathini. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz wa Uingereza alionyesha kwamba hatari ya kufa ya binadamu huongezeka kwa kuzidishwa kadiri umri wake unavyokwenda. Leo hukadiriwa kwamba kwa mtu mzima hatari hiyo hujirudia maradufu katika kila miaka minane hivi. Mwaka 2018 Graham Ruby, Megan Smith na Rochelle Buffenstein walichapisha hesabu za maelfu ya mafuko waliofugwa kwa miaka mingi, wakaona kwamba kwao kanuni ya Gompertz haifuatwi: fuko mwenye miaka mingi hakuwa karibu na kifo kupita fuko kijana. Wengi wakatangaza kwamba amepatikana mnyama asiyezeeka. Lakini mwaka 2022 wataalamu wengine, wakipima zile alama za kikemia zilizo juu ya DNA, walionyesha kwamba alama za fuko nazo hubadilika kadiri umri unavyokwenda, kama za wanyama wengine.

Je, fuko huzeeka au hazeeki? Kwa Kiingereza swali hilo lafanana na fumbo. Kwa Kiswahili kilichotumiwa kwa uangalifu halina fumbo kubwa. Umri wake waongezeka. Seli zake zabadilika. Lakini mwili wake hauonyeshi uchakavu ule unaoleta kifo karibu. Mambo haya matatu yamepimwa kwa vipimo vitatu, na hakuna sababu ya kuyavika kanzu moja.

Vipimo ndivyo vinavyotenga vitabu hivi viwili katika sehemu zinazobaki. Kitabu cha Sinclair kina furaha ya mtu aliye safarini, na ni chepesi kukisoma. Aeleza jinsi yeye mwenyewe anavyotumia vidonge vya aina kadhaa kila siku, miongoni mwavyo resveratroli, ingawa asema kwamba hatoi ushauri kwa wengine. Tahadhari ya namna hiyo haina nguvu nyingi. Msomaji hukumbuka alichotenda mwalimu kuliko alichokataza. Na resveratroli, iliyosifiwa sana tangu mwaka 2003 kwa kazi iliyofanywa juu ya hamira, haikuwaongezea umri panya wa kawaida ilipojaribiwa kwa pamoja katika maabara tatu za Marekani. Dawa nyingine, rapamisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ilifaulu katika maabara hizo hizo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya walioanza kupewa dawa hiyo wakiwa na siku 600, yaani wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima wa jamii yao, waliishi zaidi: umri uliofikiwa na panya wa mwisho wachache uliongezeka kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume. Lakini rapamisini ndiyo dawa inayotolewa kwa waliobadilishiwa figo ili kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Faida na hatari zimo katika kidonge kimoja.

Ramakrishnan ni hodari zaidi katika mambo haya. Yeye huliendea kila dai kwa swali la kiumbe gani, kwa kiasi gani na kwa gharama gani, na huwa mkali kwa wanaouza matumaini. Sentensi zake hazina haraka, na mifano yake hueleza kazi ya seli bila kuahidi tiba. Ila hata yeye hakusalimika. Kitabu chake kimeitwa kwa jina la kufa, ilhali sehemu kubwa yake ni habari za kuzeeka, na mlango wake wa mwisho wauliza kama yafaa binadamu aishi milele. Kufa si kuzeeka. Neli za Medawar hazizeeki, nazo huvunjika zote. Kiumbe asiyechakaa kabisa angekufa bado kwa ajali, kwa njaa au kwa maradhi ya kuambukizwa. Swali la milele lavutia wasomaji, lakini lasukuma nyuma swali linaloweza kujibiwa: katika miaka ambayo mtu ataishi, ni mingapi atakayoweza kutembea, kuona na kujihudumia mwenyewe?

Hapo mfasiri wa Kiswahili ana kazi ya kufanya, na vifaa anavyo. Kwa kupita kwa miaka, na aandike kuongezeka umri. Kwa jambo linalochunguzwa maabarani, na aandike kuchakaa kwa mwili, au uchakavu wa seli. Wapo watakaopinga kwamba kuchakaa ni neno la vitu. Jibu ni kwamba mwili ndio unaochakaa, wala mtu hasemwi kwamba amechakaa, na ni vema sarufi ikautunza mpaka huo. Kwa udhaifu mkubwa wa mwisho lipo neno ukongwe. Neno uzee liachiwe kazi yake ya kutaja kipindi cha maisha na heshima yake. Hata usemi wetu wa maradhi ya uzeeni waonyesha njia, kwa maana maradhi hayo yametajwa kuwa yapo katika uzee, na uzee haukutajwa kuwa ndio maradhi.

Kadhalika hesabu tatu zisichanganywe. Kikomo cha umri ni miaka mingi kabisa iliyopata kuthibitishwa kwa mtu, nayo ni 122, ya Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997. Wastani wa umri wa kuishi ni hesabu ya watu wote, na vifo vya watoto wachanga huivuta chini. Nchi yenye wastani mdogo haikukosa wazee. Miaka ya siha ni ile anayoishi mtu akiwa na nguvu zake. Maji safi na chanjo vimeinua wastani kwa namna ambayo hakuna kidonge kilichopata kufanya, na hakuna hata moja ya dawa zilizotajwa katika vitabu hivi iliyothibitishwa kukisogeza kikomo cha binadamu.

Vitabu vyote viwili vyafaa kuwekwa katika maktaba za vyuo, na cha Ramakrishnan chafaa kutangulia kusomwa. Mlango wa Sinclair unaotetea kwamba kuzeeka ni ugonjwa wastahili kufasiriwa mzima, kwa kuwa wengi watakutana na hoja hiyo mahali pengine ikiwa imepunguzwa na kuharibiwa. Afasiriye na akumbuke kwamba miongoni mwa watakaomsoma wamo wauguzi wanafunzi, ambao kesho watampokea bibi asiyeona mlangoni mwa hospitali. Yafaa wawe wamesoma kwamba bibi huyo ni mtu mzima, na kwamba jicho lake ni gonjwa.